Viti Vitupu Kwenye Ripoti ya Mwaka

Ijumaa, mwisho wa mwezi wa nane. Manyunyu yalianza kabla jogoo hawajawika na hayakuonyesha haraka ya kuisha. Mlima hatukuuona kabisa, na mabati ya soko la Meru tuliyaona nusu, nusu nyingine imemezwa na ukungu. Ilikuwa baridi ile inayoanzia vidoleni, na kwa mtu wa kutaipu vidole ndivyo jembe.

Hali ya hewa ya siku ile naikumbuka vizuri kuliko maneno ya watu. Kwa hiyo mahali nitakapoandika maneno, yachukuliwe kuwa ni karibu na hivyo.

Siku hiyo tulikuwa tunangoja barua kutoka makao makuu, Nairobi. Kama wangeikubali ripoti yetu ya mwaka kwa gharama mpya, chumba cha mashine kingebaki wazi. Kama wangeikataa, chumba kingefungwa, na mama aliyekuwa anaiendesha ile mashine angerudi kwao kulima. Mimi singefukuzwa. Nilikuwa nimeandikwa kazi ya kudumu, na yeye alikuwa kibarua tu, miaka yote ile. Na jambo ambalo lingeweza kuiharibu ripoti lilikuwa limetoka kinywani mwangu.

Afadhali nianze mwanzo.

Ofisi yetu ilikuwa ya bodi ya serikali iliyosimamia mifereji ya maji ya wakulima, kuanzia Mikinduri huku Meru mpaka Kanja kule Embu, ambako ndiko kwetu nilikozaliwa. Mimi nilikuwa karani wa kutaipu. Shule nilifika darasa la saba, kisha nikafundishwa taipureta pale misheni, basi. Mama wa mashine alikuwa chumba cha nyuma, na mashine ya saiklostaili, ile ya kuzungushwa kwa mkono. Mimi nilikata maneno kwenye stensili, yaani ile karatasi ya nta, naye aliifunga kwenye pipa la wino, akazungusha, na kurasa zikatoka moja baada ya nyingine. Nikikosea herufi, yeye ndiye aliyeona kwanza. Aliniita mtu wa Embu, ingawa nilikuwa nimeolewa Meru hata watoto wangu wakawa wananicheka Kiembu changu.

"Mtu wa Embu, hapa umeandika mfereji una miguu," alisema siku moja.

"Nimeandika una urefu wa futi."

"Na futi si ni miguu? Basi ongeza viatu."

Ndivyo tulivyokaa.

Ripoti ya mwaka, hata hivyo, haikuwa inatoka kwenye mashine yake. Ilikuwa inachapishwa Nairobi, kwa karatasi ya kung'aa, jalada la rangi, na ndani kila mwanakamati wa mifereji alikuwa na ukurasa wake mzima, picha yake peke yake, koti na kofia. Zile hesabu za maji sidhani kama zilisomwa na watu wengi. Lakini kurasa za picha zilipendwa. Nimeingia nyumba nyingi za wakulima, na katika nyingine nilimwona mzee mwenyewe ukutani, amekatwa kwa makasi kutoka ripoti yetu, amebandikwa kati ya kalenda na picha ya Bwana Yesu na kondoo. Mke wa mzee mmoja alinionyesha akasema, "Huyu wa karatasi hanywi pombe."

Basi ukaja waraka. Ripoti zimekuwa ghali kuliko mifereji, waliandika, au maneno ya namna hiyo. Kila ofisi ipunguze gharama ya kuzitengeneza mwaka huu huu. Ofisi itakayoshindwa, ripoti yake itatengenezwa makao makuu kuanzia mwaka ujao pamoja na uchapaji wake wote, na chumba chake cha mashine kifungwe.

Mkubwa wetu alitusomea tukiwa tumesimama. Mama wa mashine alikuwa mlangoni, mikono yake ina wino mpaka kwenye viwiko. Alirudi kwenye chumba chake, na nikasikia mashine inazunguka, kumbe haikuwa na karatasi.

Alikuwa mjane. Alikuwa na binti aliyeingia sekondari mwaka ule, na shamba lao lilikuwa kipande chembamba cha mteremko ambacho, kama alivyosema mwenyewe, ukiangusha kiazi unakikuta kwa jirani. Alipenda ile kazi pia. Hilo watu hawakulifikiria. Alipenda kuona ukurasa mweupe unatoka na maneno.

Mkubwa akasema kila mtu alete wazo. Mhasibu ndiye aliyeleta la maana, na ni haki niliandike hivyo, kwa sababu baadaye watu walizoea kusema ati wazo lilikuwa langu. Mhasibu alisema maandishi yote na hesabu zote zitoke kwenye saiklostaili yetu, karatasi ya kawaida, pande zote mbili, na nakala zipungue kwa sababu nyingi zilikuwa zinalala stoo zikiliwa na panya. Hapo ndipo gharama kubwa iliposhuka. Mimi niliongeza kitu kimoja tu. Nilisema, na sauti yangu ikawa ndogo:

"Na kama wazee wangepigwa picha moja, wote pamoja? Ukurasa mmoja wa kung'aa badala ya kurasa zile zote. Upigwe chapa hapa mjini."

Mkubwa aliniangalia, akapiga meza kwa kiganja. "Huyu mama amesema!"

Nilifurahi. Nilitembea kurudi nyumbani kama niliyeokota kitu.

Kazi ya maandishi ilikuwa ngumu lakini ya kupendeza. Shida ilikuwa hali ya hewa. Mwezi wa saba Meru hakuna kitu kinachokauka, na wino wa saiklostaili ukiwa mbichi upande mmoja huwezi kupiga upande wa pili, utapata ukurasa mweusi kama chungu. Mama wa mashine akafunga kamba katika chumba cha chai, juu ya jiko la makaa, akaanika ripoti ya serikali kama nguo za mtoto. Mhasibu mwenyewe alivua koti akaja kugeuza kurasa. Alikuwa mtu wa digrii, lakini alizigeuza vizuri, kwa ncha za vidole, na hakuchoma hata moja. Mama wa mashine akamwambia, "Baba, wewe ungefaa kuchoma chapati." Akajibu, "Nyumbani ndiyo kazi yangu, usiseme kwa sauti."

Ikabaki picha.

Wanakamati walikuwa na mkutano mmoja tu kabla ya ripoti kupelekwa, kwa hiyo picha ilikuwa ipigwe siku hiyo au isipigwe. Mkubwa alimwita mpiga picha wa mjini, kijana mwenye studio karibu na soko, wakapatana apige mara moja tu, kwa sababu ndiyo gharama tuliyokuwa tunapunguza. Mimi nilipanga viti. Viti vizuri vya ukumbi wa kanisa, tulivyoazima, nikavipanguza mwenyewe. Mstari wa mbele wakae, mstari wa nyuma wasimame, kama picha za shule. Mwenyekiti katikati.

Hapo ndipo nilipokosa kufikiri. Na si kwamba sikujua. Kwetu Kanja nimelelewa hivyo hivyo, na huku nilikoolewa ni vilevile: mtu na rika lake. Waliotahiriwa pamoja ni kitu kimoja, na rika la baba yako wote ni baba zako, huwezi kukaa wao wakiwa wamesimama. Lakini ukishaingia ofisini unaanza kuwaona watu kwa vyeo, mwenyekiti, katibu, mjumbe, unasahau kwamba nje ya mlango wana miaka.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mstaafu, tukimwita Mwalimu. Na mjumbe mmoja, mzee kutoka pande za Mikinduri, alikuwa ametahiriwa pamoja na baba yake Mwalimu. Walikuwa wanapendana sana, hata mkutanoni mzee alimwita "mwanangu mwenyekiti". Mkutanoni wote walikaa kwenye mabenchi kuzunguka meza, kwa hiyo jambo hilo halikuwahi kutokea.

Siku ya picha jua lilichungulia kidogo. Mpiga picha akasema haraka haraka, mvua inarudi.

"Mwenyekiti, kaa hapa katikati."

Mwalimu akakitazama kiti, akamtazama mzee wa Mikinduri aliyekuwa amesimama nyuma yake na fimbo. Akarudi nyuma. "Baba, kaa wewe."

"Mimi?" Mzee akacheka. "Hiki ni kiti cha mwenyekiti. Nikikaa hapo kesho watasema nimempindua mtoto wangu."

"Basi kaa hiki cha pembeni."

"Nikae pembeni wewe umesimama? Wewe ndiye mkubwa wa kamati. Kaa."

"Siwezi kukaa katikati na wewe uko pembeni, baba. Unajua siwezi."

"Najua. Na mimi pia siwezi."

Mpiga picha akawageukia wajumbe wa Embu. "Wazee wangu, nyinyi basi mkae, tuanze."

Mmoja wao, mtu mpole aliyetoka karibu na kwetu, akatikisa kichwa. "Wenye nyumba wamesimama, wageni wakae? Hapana. Huko kwetu wakiiona hiyo picha sitarudi."

Kulikuwa na mjumbe mmoja mwanamke, mama mnene mwenye kofia ya kufuma. Mpiga picha akamwambia, karibu kwa kulia, "Mama, wewe angalau."

"Mimi nikae peke yangu mbele ya wanaume hawa wote kama bibi harusi? Nani amelipa mahari?"

Wakacheka wote, na walikuwa wanarudi nyuma huku wanacheka, mpaka wote wakawa nyuma ya viti. Mkubwa wetu alikuwa ananong'ona, "Kaeni jamani, kaeni." Tone la kwanza la mvua likapiga kofia ya mtu. Mpiga picha akasema, "Nahesabu mpaka tatu!" Nadhani alifikiri wakisikia hesabu mtu atakaa. Hakuna aliyekaa. Akapiga. Mvua ikashuka, sote tukakimbia na viti vya kanisa vichwani.

Picha ilipooshwa ilikuwa nzuri sana. Hilo ndilo lililouma. Kila uso ulionekana, meno yanaonekana, jua limewaangukia vizuri. Na mbele yao mstari mzima wa viti vitupu.

Mkubwa aliishika kwa muda. "Makao makuu watasema kamati haikuhudhuria," alisema. "Watasema tumepiga picha ya viti." Siwezi kusema alinikasirikia. Aliiweka mezani tu.

Tulikwenda nayo kwa mchapaji wa mjini, mimi na mama wa mashine. Mchapaji akachukua wembe. "Rahisi. Nakata hapa chini, viti vinaondoka."

Mama wa mashine akamshika mkono. "Na miguu?"

"Miguu inaondoka na viti."

"Utawakata wazee miguu? Halafu hiyo karatasi inaenda kubandikwa ukutani kwao, mzee anajiona kila asubuhi hana miguu?"

Mchapaji alifikiri. Alikuwa na baba yake nyumbani, mzee pia. Akauweka wembe chini. "Mimi sijasema kitu," akasema.

Nilimwambia mama wa mashine pale nje, chini ya mabati yanayovuja, kwamba ni yeye atakayeumia ile picha ikikataliwa, kwa hiyo aseme yeye. Kama anataka ikatwe, ikatwe. Sikutaka anifanyie hisani.

"Nilizungusha ile mashine siku zote hizi ili watu wasome vizuri," alisema. "Sitaki ukurasa wa picha uwe wa aibu. Wakinifukuza, wanifukuze na miguu yote."

Tukampelekea Mwalimu nyumbani kwake. Alivaa miwani, akaitazama, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka mke wake akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Akafuta macho, akasema, "Iacheni. Chini yake andikeni: Viti viliachwa kwa heshima. Wasipoelewa huko Nairobi, waulize wazee wao."

Na majina? Nikamuuliza yaandikwe kwa utaratibu gani, maana niliona shimo lingine liko wazi mbele. Akasema yaandikwe jinsi maji yanavyoshuka. Anayeishi juu kabisa kwenye mfereji wake aanze, wa chini afuate. Kwa maji hakuna wa kulalamika.

Nikataipu hivyo. Mkubwa alisoma, akashusha pumzi, akaweka sahihi.

Zilipogawanywa nakala, mzee wa Mikinduri alikuja ofisini kuchukua yake, amebeba kitita cha miraa alichompa askari wa mlangoni. Aliitazama picha kwa muda mrefu. "Hapa hakuna aliyekosewa," alisema. Lakini akaigeuza, akapekua kurasa zote mpaka mwisho, akauliza, "Na ile yangu? Ya peke yangu?" Nikamweleza habari za gharama. Aliitikia kwa kichwa, ni mwelewa, lakini aliondoka polepole. Naandika hili kwa sababu kila mara tunaposimulia kisa hiki tunacheka, na yeye hakucheka sana. Kitu kilichopunguzwa kilikuwa cha mtu.

Ikafuata kungoja. Mama wa mashine alianza kusafisha mashine kila jioni, hata sehemu zisizochafuka, kwa kitambaa na mafuta ya taa. Nilidhani anaiaga. Nilitaka kumuuliza nikaogopa. Nyumbani mama mkwe wangu aliniuliza kwa nini napika bila chumvi.

Basi Ijumaa ile, ya manyunyu. Barua ya makao makuu ililetwa na tarishi, bahasha imelowa pembeni. Mkubwa alituita sote, na safari hii alimwambia mama wa mashine aingie ndani, asisimame mlangoni. Aliingia, akaficha mikono yake nyuma.

Mkubwa alisoma kimoyomoyo kwanza, jambo ambalo halikuwa la haki, sote tunamtazama midomo. Kisha akasoma kwa sauti. Ripoti imepokelewa. Gharama imeshuka vya kutosha. Chumba cha mashine kiendelee.

Halafu akakunja uso. "Kuna jambo moja wanalalamikia."

Nikajua. Nilishika meza.

"Wanasema," akasoma, "ripoti hii inanuka moshi. Ofisi iache kutumia moto karibu na karatasi za serikali."

Kuhusu viti hawakusema neno. Mpaka leo sijui kama waliona wakaelewa, au hawakufungua ukurasa ule. Mhasibu alisema huenda walielewa, kwamba hata Nairobi kila mtu ana baba. Mimi nadhani walitazama hesabu tu. Lakini yeye alisoma kuliko mimi, na huenda ana haki.

Mama wa mashine alitoa mikono yake mbele. Akasema, "Moshi tu?" Akarudia, "Moshi tu?" Kisha akakaa kwenye kiti cha wageni mbele ya mkubwa, bila kukaribishwa, mbele yetu sote tuliosimama, na hakuna aliyeona kosa. Mkubwa mwenyewe alibaki amesimama.

Jioni mama wa mashine alinifuata nyumbani kwenye manyunyu, mkungu wa ndizi mbichi begani, wa kutoka kile kipande chake cha mteremko. Nikamwambia ni mwingi, akasema haukuviringika kwa jirani, ni wa halali. Mama mkwe alikuwa amechemsha njahi, yale maharagwe meusi, tangu mchana. Watoto walimenya ndizi, maziwa ya utomvu yakawashika vidoleni, na mama wa mashine akawaonyesha jinsi ya kuyatoa kwa mafuta ya taa, kama wino. Yeye ndiye aliyeponda. Alishika mwiko kwa mikono miwili, akazungusha kwa ule mwendo wa mashine, na baba watoto akasema hajawahi kuona mukimo laini hivi. Tulikula mukimo wa ndizi na njahi, na kipande cha parachichi kila mtu, na safari hii nilikumbuka chumvi.